Philip wa Ruiru Hajaleta Kadi

Kuna watu wanaowacheka wapenzi wa salamu za redio. Huwaita watu wasio na kazi, wazee wa kununua kadi ili tu wasikie majina yao yakitajwa hewani. Ngendo naye alikuwa akiwacheka vivyo hivyo kabla ya kupewa kipindi. Sasa alikuwa na mwaka wa nne akitangaza Salamu za Chai katika Redio Ndarugu, mjini Thika, kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, na kama ungemuuliza Alhamisi ile anataka nini duniani, hangekutajia nyumba wala gari. Angekutajia kadi moja ya rangi ya waridi, iliyoandikwa kwa wino wa bluu, yenye jina la mtumaji pale juu: Philip wa Ruiru.

Kadi hiyo haikuwa imeonekana kwa vipindi vitano.

Aliimwaga bahasha ya Ruiru mezani, akazipanga kadi moja moja. Becky Mama Pacha alikuwamo. Kyengo Fundi Saa alikuwamo, na wimbo wake ule ule wa kila wiki. Philip hakuwamo. Akazipanga upya, kana kwamba kadi hujificha nyuma ya wenzake kama mtoto mtoro.

"Umepoteza nini?" Wainaina akamuuliza kutoka upande wa pili wa kioo. Wainaina alikuwa meneja wa redio na fundi mitambo pia, maana redio ndogo haina anasa ya kugawa kazi.

"Hakuna kitu," Ngendo akajibu, akavaa hedifoni zake.

Ulikuwa uongo, naye Wainaina alijua ni uongo ingawa hakujua wa nini. Ukweli ni kwamba duniani hapakuwa na mtu aliyeitwa Philip wa Ruiru. Palikuwa na Jeconia Aketch, mwandishi wa habari, kijana mrefu aliyecheka kwa macho kabla ya mdomo, ambaye Ngendo alimpenda hadi akasahau kwamba aliwahi kuishi bila kumpenda. Jeconia alikuwa ameandika habari za vijana wanne waliochukuliwa mchana kweupe na watu wasiojitambulisha, akaziandika na namba za magari yaliyowabeba. Wiki hiyo hiyo mlango wa chumba chake ukavunjwa. Bahati yake, hakuwa ndani.

Walionana mara ya mwisho jioni ya Ijumaa moja nyuma ya kanisa pale Kamenu, Ngendo akitoka mazoezi ya kwaya. Siku arobaini na moja zilikuwa zimepita, lakini aliyakumbuka maneno yote.

"Simu nimeivunja," Jeconia alimwambia. "Nimepata chumba Ruiru kwa jina la mtu mwingine. Usiniulize ni wapi, na usije. Wewe ndiye watakufuata."

"Sasa nitajuaje kama uko hai?"

"Unasoma salamu kila siku na unaniuliza hivyo?"

"Jeconia, huu si wakati wa mzaha, aki."

"Si mzaha. Nitanunua kadi kama mzee mwingine yeyote. Nitasalimia watu. Ukiiona, ujue niko. Usipoiona..."

"Usimalize."

Hakumaliza. Alimshika mkono, akawa anauangalia kama mtu anayetaka kuukariri. "Wazee wangu nilikuwa nimewaambia tukuje kwenu Desemba," akasema polepole.

"Mama angewafukuza."

"Angetufukuza baada ya chai. Mama yako hawezi kufukuza mtu na tumbo tupu."

Ngendo alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na alipoinua uso, Jeconia alikuwa ameshaufikia ukuta wa kanisa. Hakugeuka nyuma, na Ngendo alimlaumu kwa hilo siku nyingi.

Kadi zikaanza kuja. Na huyo Philip, jamani, hakusalimia kama wengine. Wengine husalimia mashemeji, majirani na waheshimiwa. Philip alisalimia watu ambao hakuna redio iliyowahi kuwataja: fundi wa viatu wa nje ya soko la Thika, mama wa Kiandutu anayechemsha mahindi huku mvua inanyesha, walinzi wanaolala mchana, na mtu yeyote ambaye leo hajaitwa kwa jina lake. Wasikilizaji wakampenda. Wengine wakaanza kumsalimia yeye. Na kila kadi aliimaliza kwa sentensi moja: *Salamu zitakazobaki, abaki nazo mtangazaji.*

Wapenzi wa salamu wote humaliza hivyo. Ni adabu tu. Lakini Ngendo kila kipindi kilipoisha aliitia kadi ile ndani ya Biblia yake. Alikuwa nazo ishirini na tatu. Hizo ndizo zilizokuwa barua zake za mapenzi, na Thika nzima ilikuwa imezisikia.

Asubuhi nyingine zilimshinda. Watangazaji wana siri yao: wimbo mrefu si wa msikilizaji, ni wa mtangazaji kwenda msalani, au kulia. Ngendo alikuwa na rumba moja ya zamani ya dakika kumi na moja aliyoiweka kwa shida kama hizo. Hakuna aliyemgundua ila mama yake. "Leo uliweka ule wimbo mrefu," mama yake alikuwa akimwambia jioni, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Nani alikuudhi?"

Alhamisi hiyo, kabla ya kuwasha maiki, alichungulia dirishani kama ilivyokuwa desturi yake. Gari la kijivu lilikuwa pale pale ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la mabati. Mwezi mmoja uliopita wanaume wawili walitoka ndani yake, wakapanda ngazi hadi ofisini kwa Wainaina, wakanywa chai yake, wakamwambia kwamba wanajua msichana wake wa salamu ni mtu wa nani. "Redio yenu tunaipenda," mmoja akasema. "Tunaisikiliza sana." Tangu hapo gari halikuondoka, na redio yake haikuzimwa.

Saa nne na dakika kumi simu ya studio ikawaka.

"Haloo, Salamu za Chai, nani mwenzangu?"

"Haloo haloo mtangazaji! Hapa ni Mzee Muli Kadi Tele, mwenyekiti wa wapenzi wa salamu, tawi la Ruiru!"

Ngendo akatabasamu. Mzee Muli alikuwa mwenye duka aliyeuza kadi za redio zaidi ya alivyouza mkate. "Mzee Muli! Habari za Ruiru?"

"Ruiru ni baridi tu, mwanangu, lakini tuko. Sasa, mtangazaji, mimi nina habari. Si watu wamekuwa wakiuliza, Philip wa Ruiru alienda wapi? Si hata wewe uliuliza juzi?"

"Ndio, mzee. Nili... tuliuliza."

"Basi nimempata! Kumbe anakaa hapa juu ya duka langu, na mimi ndiye namuuzia kadi! Nikaona hashuki. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Nikasema, huyu ni mwanachama, na sisi mwanachama akiugua hatumwachi. Leo nimepanda na Becky Mama Pacha, tumebeba unga, sukari na chupa ya uji. Tumemkuta amelala, kifua kimemshika vibaya. Akasema hataki kitu. Nikamwambia, kijana, mgonjwa haulizwi uji! Sasa wanachama wanaotaka kuja kumwona, ni hapa Kihunguro, jengo la rangi ya machungwa, ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho. Komeo lake limekufa, ukisukuma unaingia."

Aliyasema yote, na kwa sauti ya mtu anayefanya jambo jema, kwa sababu kweli alikuwa akifanya jambo jema. Nani angemlaumu? Wapenzi wa salamu ndivyo walivyo. Mmoja akifiwa wote huchanga, mmoja akizaa wote huenda kumwona mtoto, na anayeugua hutangazwa hewani pamoja na mlango wake ili asilale bila mgeni.

Ngendo akajikaza. Bado hapakuwa na hasara. Watu wa gari la kijivu walikuwa wakimtafuta Jeconia, na Philip hakuwa mtu kwao, alikuwa mzee mwingine tu wa kadi.

"Asante sana, Mzee Muli. Tumesikia. Sasa tumwache mgonjwa apumzike..."

"Ngoja kwanza nimpe simu awasalimie wasikilizaji! Dakika moja tu!"

Kidole cha Ngendo kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kukata laini. Alijua anachopaswa kufanya. Jeconia alikuwa amehojiwa mara nyingi, video zake zilikuwa zimejaa kwenye simu za watu, na sauti yake haikuhitaji kutafutiwa jina. Kubonyeza tu. Kusema laini imekatika, pole sana Mzee Muli, twende kwa wimbo.

Hakubonyeza.

Anayetaka kumlaumu na amlaumu. Lakini kwanza akae siku arobaini na moja bila sauti, na tano za mwisho bila hata karatasi. Kwanza alale akiwaza kama mtu wake yuko kitandani au ni maiti iliyotupwa mtoni.

Simu ikakwaruza. Mtu akakohoa, kikohozi kizito cha kutoka chini kabisa.

"Habari ya asubuhi, mtangazaji."

Ngendo alifumba macho. Sauti ilikuwa imekauka, imekwaruzika, lakini ilikuwa yake. Akaisikia ikimshuka mgongoni, akasahau kioo, akasahau Wainaina, akasahau gari.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, Philip. Tulikutafuta."

"Nisamehe. Sikuwa na nguvu za kushuka ngazi."

"Tangu lini?"

"Ijumaa. Ilianza na homa, halafu ikaingia kifuani."

"Na hukuwa na mtu wa kukupa hata maji?"

"Nilikuwa na redio." Akakohoa. "Nilikuwa nasikia ukiuliza niko wapi. Nikawa nakujibu."

Wainaina aliinua kichwa.

"Umekula?" Ngendo akauliza.

"Nimekunywa uji wa Mzee Muli. Dawa pia ameniletea."

"Usijaribu kuzimeza nzima, utazitapika tu. Ziponde kwanza, uzitie ndani ya ndizi, kama..."

Maneno yalikuwa yameshatoka.

Huyu ni mtangazaji, na yule ni mzee wa kadi kutoka Ruiru ambaye hajawahi kumwona. Amejuaje kwamba hawezi kumeza tembe? Wainaina alikuwa amesimama kule nyuma ya kioo, mkono mdomoni. Jeconia naye alikuwa amenyamaza, na Ngendo akajua kwamba ameelewa. Sauti pekee pengine ingepita. Sauti pamoja na ndizi, hapana.

Akaisogelea maiki. Sauti yake haikutetemeka. Miaka minne ya kazi ilimsaidia hapo.

"Philip, nisikilize. Ruiru kuna baridi. Mtu wa kifua hafai kukaa hapo hata siku moja zaidi. Uondoke leo."

"Leo?"

"Sasa hivi. Ukimrudishia mzee simu yake, vaa sweta, uende. Usifungashe kitu."

"Nilikuwa nafikiria nipone kwanza."

"Utaponea mbele. Nakuomba."

Ngendo alisikia Becky Mama Pacha akinong'ona kule chumbani, "Haki mtangazaji anatujali!"

"Kuna mtu nilimwahidi," Jeconia akasema taratibu. "Nilimwambia nitaenda kwao na wazee wangu. Nikienda mbali, sijui ni lini nitarudi. Mtangazaji, wewe ni mwanamke, hebu niambie. Mtu kama huyo atangoja?"

Ngendo hakumwangalia Wainaina. Aliangalia ile taa nyekundu ya hewani.

"Atangoja."

"Una uhakika? Inaweza kuwa mwaka. Inaweza kuwa zaidi."

"Namjua huyo mtu. Ni mkaidi kama mama yake. Atangoja mpaka uchoke kuulizia."

Jeconia alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Basi mwambie salamu zangu zote abaki nazo. Si zile zitakazobaki. Zote."

"Amesikia. Ninakuwekea wimbo, Philip. Ni mrefu. Ukiisha, nataka uwe mbali na hapo."

Akaiweka ile rumba. Kisha, sasa, kulipokuwa hakuna faida tena ya kukibonyeza, akabonyeza kitufe.

Mlango wa studio ukafunguliwa. Wainaina aliingia, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Ngendo, ni yeye?"

"Ni msikilizaji."

"Usinichezee, mwanangu. Mimi ninasomesha watoto watatu na redio hii. Ni yeye?"

Wote wawili walikuwa wamesikia mlio wa injini. Walisogea dirishani kwa pamoja, wakaliona gari la kijivu likirudi nyuma, likigeuka, likishika njia ya kwenda barabara kuu. Kutoka hapo hadi Ruiru, dereva mwenye haraka hahitaji nusu saa.

"Ngai!" Wainaina akasema. Akauweka mkono wake begani kwa Ngendo, mara moja tu, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama bado ina moto. "Zimebaki dakika tisa za wimbo. Lia haraka. Halafu urudi kwenye kiti, wasije wakajua kwamba umejua."

Alisoma kadi thelathini na moja asubuhi ile. Baadaye hakukumbuka hata moja.

Saa tano na nusu simu ikalia tena, na safari hii haikuwa hewani. Sauti ya Mzee Muli ilikuwa imezeeka kwa saa moja.

"Mwanangu, mimi nilifanya nini?"

"Niambie, mzee."

"Wamekuja watu wanne. Hawakubisha. Wamenishika shati, mimi, mtu wa miaka sabini, wananiuliza yuko wapi mwandishi. Mwandishi gani? Mimi najua Philip."

Ngendo aliushika ukingo wa meza. "Na Philip?"

"Hakuwepo. Mara tu alipokata simu alivaa sweta, akaniambia anashuka kununua maji. Nikamwambia nitakununulia, akakataa. Akanikumbatia, mwanangu. Nikashangaa, mtu anakumbatia mtu akienda kununua maji? Hao watu wakashika blanketi, mmoja akasema bado lina joto. Redio ilikuwa bado inasema, sauti yako ikisoma kadi."

"Hawakumpata."

"Hawakumpata. Lakini wameondoka wakizunguka mitaa." Akapumua. "Dawa alibeba. Na ndizi pia alibeba, ya Becky. Na kadi tatu ambazo hakuwa ameandika." Kisha, kwa sauti ya mtoto: "Mtangazaji, nilikosea? Nilimpelekea uji tu."

Ngendo alitaka kumwambia kwamba kosa halikuwa la uji. "Hukukosea, Mzee Muli. Alikuwa na siku tano bila mtu, ukaenda. Mungu akubariki."

Mchana wale wanaume wawili walirudi kupanda ngazi. Walichukua simu yake, wakakaa naye ofisini kwa Wainaina hadi jioni, wakimuuliza swali moja kwa njia ishirini.

Aliporudi nyumbani Kamenu, mama yake alikuwa ameketi jikoni na leso mabegani. Chai ilikuwa tayari, imefunikwa.

"Wamekupiga?"

"Hapana, Maitu."

"Wameuliza nini?"

"Wameuliza nilijuaje kwamba hawezi kumeza tembe."

"Ukasemaje?"

"Nikasema wanaume wote wako hivyo."

Mama yake alicheka bila kutarajia, kisha akaufunika uso kwa leso.

"Ni yule kijana wako," akasema akiwa bado ndani ya leso. "Nilimjua alipocheka. Alipokuja Krismasi alicheka hivyo hivyo akijaribu kunisalimia kwa Kikuyu."

"Ulikuwa unasikiliza?"

"Mimi husikiliza kila siku, utafikiri mtoto wangu ni mtu wa nyumba nyingine?" Akaishusha leso. "Huyo Philip nilikuwa nampenda, Ngendo. Nilimwambia Mama Ciku, huyu mtu anayesalimia walinzi amelelewa na mama mzuri. Kumbe ndiye yule niliyekukataza."

Ngendo alikaa chini kwenye kigoda. Alikuwa amebishana na mama yake juu ya Jeconia tangu Januari: kwamba ni mtu wa mbali, kwamba ni mwandishi, na lile la pili ndilo lililokuwa zito.

"Baba yako walimchukua kabla hujazaliwa," mama yake akasema. "Ni kwa ajili ya karatasi za siasa walizozikuta ndani ya begi lake la ualimu, basi. Miaka miwili nilipika chakula cha watu wawili, nikala cha mmoja, kingine nikampa mbwa wa jirani. Aliporudi hakutaka tena kuzungumza. Wewe ulimjua akiwa amenyamaza, ukafikiri ndivyo alivyoumbwa. Mimi sikumkataa kijana wa watu kwa sababu ya kwao. Sikutaka upike hivyo."

"Mimi ndiye nimemfukuza," Ngendo akasema, na machozi aliyoyazuia siku nzima yakapata njia. "Nilikuwa na kidole kwenye kitufe. Ningekata, bado angekuwa pale, amelala. Nilitaka tu kumsikia, Maitu. Nilitaka kumsikia kidogo tu."

Mama yake aliisogeza chai karibu naye.

"Hata mimi nisingekata," akasema.

Wiki ikapita, ya pili ikafuata. Gari la kijivu lilirudi mahali pake mbele ya duka la mabati, na Ngendo alishangaa kujikuta analifurahia: likiwa bado linangoja, basi hawajampata. Kila asubuhi aliimwaga bahasha ya Ruiru. Kisha akaanza kuzimwaga zote, za Makongeni, za Juja, za Gatundu, hata zile za mbali zilizokuja mara moja kwa mwezi, akitafuta wino wa bluu. Alijua Jeconia ana kadi tatu. Alimwombea apate tu mahali pa kuketi aandike moja.

Wasikilizaji walimuulizia Philip, mwanzoni kila siku, baadaye mara moja moja. Mzee Muli hakupiga simu tena. Watu wakapata wengine wa kuwapenda. Ngendo alizisoma salamu zao, na zote zilipofika mwisho zikasema zitakazobaki abaki nazo mtangazaji, naye alibaki nazo, hakuwa na pa kuzipeleka.

Ijumaa ya wiki ya tatu, zikiwa zimebaki dakika chache kipindi kiishe, simu ikawaka.

"Haloo, Salamu za Chai, nani mwenzangu?"

Sauti yake mwenyewe ikamrudia kutoka kwenye redio ya mtu.

"Punguza redio yako tafadhali, mpenzi msikilizaji."

"Nimepunguza."

Ngendo akashika hedifoni kwa mikono miwili.

"Mimi jina la salamu sina," ile sauti ikaendelea, ikijikaza. "Sijawahi kupiga. Niite tu Mama Ngendo wa Kamenu."

"Karibu... karibu, mama. Ungependa kumsalimia nani?"

"Ni mtu mmoja. Philip wa Ruiru, popote alipo."

Nyuma ya kioo Wainaina aliinua mkono kuelekea kwenye swichi. Akautazama mkono wake, akaushusha, akageukia ukutani kama mtu aliyeona kitu cha maana kwenye kalenda.

"Na ujumbe wako kwake, mama?"

"Mwambie ninauliza kama kifua kimepona. Mwambie alipokuja kwangu nilimpa chai, sikumpa chakula, na hilo limenikaa. Akija tena aje na wazee wake. Na kama wazee wako mbali, aje hivyo tu. Mimi siku hizi ninapika cha watu watatu."

Taa nyekundu ilikuwa inawaka, watu wa Thika, wa Ruiru na wa mbali walikuwa wakisubiri, na pengine, mahali fulani, mtu mmoja mwenye sweta. Ngendo akajikuta ameuliza swali la mwisho, lile analomuuliza kila mtu.

"Na ungependa tukuwekee wimbo gani, mama?"

"Wowote," mama yake akasema. "Mradi uwe mrefu."